Rafiki Yako Akifiwa, Utamwambia Nini?

Ndugu msomaji, je, umewahi kwenda kumhani rafiki yako, ukafika mlangoni na maneno yakakuishia? Mimi yangu hayakuniishia. Afadhali yangeniishia. Soma, nikueleze.

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, kiasi cha saa mbili asubuhi, lori la petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia na ndoo na madumu kuchota mafuta. Wengine walikuwa wapita njia tu. Moto ukalipuka. Waliokufa siku ile na siku zilizofuata walizidi 100. Rais John Magufuli alitangaza siku 3 za maombolezo ya taifa. Wengi walizikwa makaburi ya Kola. Baadhi yao hawakutambulikana kwa sura. Majeruhi wengi walipelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam.

Mmoja wa majeruhi hao alikuwa mtoto wa rafiki yangu. Alikuwa anaendesha bodaboda. Alikaa hospitali siku 11, akafariki.

Hapa niseme jambo moja nisije nikalisahau. Petroli hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kufika mbali. Cheche ndogo ya pikipiki inatosha kuuwasha. Ukiona lori la mafuta limeanguka, ondoka. Kaa mbali, upande unakotoka upepo, na wazuie watoto.

Swali langu baya

Wakati huo nilikuwa bwana shamba mkoani Singida. Huyu rafiki yangu tulizaliwa naye Mgeta, juu katika milima ya Uluguru. Tulisoma shule moja. Nilipopata habari nilipanda basi. Nilimkuta amekaa mkekani. Nikampa pole, akaitikia. Kisha nikamwuliza, "Hivi kijana alikwenda kufanya nini pale?"

Hakunijibu. Aliangalia mkeka.

Mama mmoja mzee aliniita nje. Akasema, "Mwanangu, swali hilo limeshaulizwa na mji mzima. Wanawaita watoto wetu wezi wa mafuta. Wewe umetoka Singida kuja kuuliza tena?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Msomaji, mfiwa ameshajiuliza maswali yote usiku. Usimwongezee. Usimwambie kwamba kuna waliofiwa zaidi yake. Mwambie pole, kaa naye. Akitaka kumtaja marehemu, msikilize. Watu wengi huogopa kutaja jina la marehemu mbele ya wazazi. Mimi naona wazazi hupenda kulisikia.

Aliyefanya kazi kubwa siku ile hakuwa mimi. Alikuwa mtani. Unajua mambo ya watani katika misiba yetu. Huyu alipofika alimvua rafiki yangu kofia, akaivaa. Akadai fidia ya nauli yake, na kuku wawili juu. Rafiki yangu alicheka, halafu akalia kwa sauti. Walisema ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu mwili ulipoletwa. Watu wengine wa mjini siku hizi huona utani msibani ni ushamba. Sikubaliani nao.

Kazi iko baada ya watu kuondoka

Siku za kwanza nyumba ya msiba hujaa watu, chakula na kuni. Baada ya arobaini hakuna anayepiga hodi. Hapo ndipo rafiki anapohitajiwa. Usiseme, "Ukiwa na shida niambie." Mfiwa hana nguvu za kukuagiza. Angalia mwenyewe. Je, maji yapo? Shamba limelimwa? Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika una kazi nyingine. Andika daftari la rambirambi bila makosa. Fuatana na wafiwa kushughulikia cheti cha kifo. Wasomee barua. Mtu mwenye machozi hasomi vizuri, hata kama ana elimu.

Mwezi wa Oktoba nilichukua likizo. Nilikuwa nimesikia kwamba shamba la rafiki yangu huko Mgeta halijaguswa. Kama mnavyojua, kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na shamba lile lilikuwa la ukoo wa mama yake. Tulipanda gari linalopita Mzumbe. Njia nzima hakusema kitu.

Nikwambie kweli, mimi nilikuwa naidharau Mgeta. Nilikimbilia Chuo cha Kilimo Ilonga, Kilosa, ili nisibebe tena kabichi kichwani katika miteremko ile. Lakini nilikuwa nimekaa Singida miaka mingi. Nimeona akina mama wakichimba mchanga wa mto mkavu na kungoja maji yajae kata. Sasa nikashuka garini na kusikia maji kila upande. Njegere na karoti zimesimama kijani kwenye matuta, na mvua za vuli bado. Vijifereji vinapita mlangoni mwa watu. Nilisimama kama mgeni.

Matuta hayo nayo yana habari yake. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta, hata mahali ambapo udongo wa chini haukuwa na rutuba. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walikataa, kukawa na ghasia, na mpango ukaachwa. Sisi mabwana shamba tungejifunza kuuliza kwanza. Mgeta matuta yalikubali, na mpaka leo yanalimwa.

Tulilima siku 4, sisi na majirani 6. Siku ya tatu tulipumzika kando ya kijito. Rafiki yangu aliuliza, "Haya maji yanakwenda wapi?"

Nilimweleza kwamba yanaingia mto Mgeta, Mgeta unaingia Ruvu, na kutoka Ruvu maji husafishwa na kupelekwa kwa mabomba Dar es Salaam. Ndiyo sababu msitu wa juu umehifadhiwa kisheria.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi maji aliyonyweshwa mwanangu kule Muhimbili yalitoka huku."

Nikamjibu, "Ndiyo, yalitoka huku."

Akanawa uso, akachukua jembe. Jioni ile ndipo alipoanza kunisimulia habari za mwanawe, tangu alipozaliwa. Nilikaa kimya, nikamsikiliza mpaka moto ulipozimika. Mwaka uliofuata niliomba uhamisho, nikarudi Morogoro.