Kuchoka si Kucheza

Ulaya na Marekani, kijana wa nyumba yenye kipato kidogo ndiye anayeketi zaidi mbele ya skrini na kucheza michezo kwa uchache, kwa sababu klabu zinalipiwa. Katika Chang'ombe ya Dodoma mambo yamegeuka. Hapa umaskini unamtembeza mtoto: madumu ya maji, shule kwa miguu, karanga za kuuza jioni. Skrini nayo aghalabu si yake. Ni ya kibanda umiza, au ni simu ya mama inayogombaniwa na ndugu wote mpaka bando liishe.

Shirika la Afya Duniani linataka kila mwenye miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwaka 2016, asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho. Mbeba maji wa Chang'ombe huenda anakivuka kabla ya kengele ya shule. Je, moyo wake unanufaika?

Si lazima. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba mazoezi ya wakati wa mapumziko huendana na utulivu wa akili, ilhali jasho la kazini halikuleta nafuu hiyo. Uliwahusu watu wazima hasa, lakini naamini sababu yake inawagusa watoto pia. Chandimu na kombolela mtoto huzichagua mwenyewe. Zina marafiki, vicheko, ugomvi na mapatano. Dumu la lita 20 halina hata kimoja kati ya hivyo. Wasichana ndio wanaoumia zaidi: rede huachwa mapema, kazi za nyumbani zikaongezeka.

Wazazi wengi huilaumu simu. Mwaka 2019, Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakakuta matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Simu inayokesha na mtoto inamwibia usingizi, na hilo lizuiwe. Ila mzigo mzito uko kwingine: wasiwasi wa nyumba isiyojua kesho itakula nini. Nchini Kenya, serikali ilipozipa fedha kaya zinazolea yatima, uwezekano wa vijana wa kaya hizo kuwa na dalili za sonona ulipungua kwa asilimia 24, nafuu ikionekana wazi kwa wavulana.

Na hata mtoto akipata muda wa kucheza, atachezea wapi? Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, ardhi imepanda bei na kila kipande kitupu kina mtu anayekitolea macho. Kwenye urasimishaji wa makazi, wenye viwanja huombwa kumega ardhi ipite barabara. Uwanja wa watoto, wa wavulana na wa wasichana, umegewe katika kikao hichohicho, kabla bikoni hazijafukiwa.