Nani Atamlisha Mtu wa Dini?

Sogeeni, wanangu. Tangu miaka ya 1860, hapa Nyangwe, Kongo, ukingoni mwa mto Lualaba, waliweka makao mabwana kutoka pwani ya Afrika Mashariki: Mwinyi Dugumbi, Abed bin Salim, na baadaye upande wa Kasongo, Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip. Msidhani walikuja kuhubiri. Walifuata pembe za ndovu na watumwa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa Dugumbi waliwapiga risasi wanawake katika soko letu, mvumbuzi Livingstone akiona kwa macho yake, na mamia wakafa. Uislamu uliingia kupitia nyumba za mabwana hao hao. Mpagazi, suria, mtoto aliyenunuliwa, kila aliyekaa chini ya bwana alifundishwa sala, akavaa kanzu, akaitwa muungwana.

Lakini dini iliyoletwa na bwana, bwana akiondoka, nani atawalisha watu wake? Ili tupate jibu, twende kwanza Uhindi, zaidi ya miaka 2000 nyuma. Huko kulikuwa na watawa wa Kijaini. Mtawa hana mali. Anafagia njia mbele yake asije akamkanyaga sisimizi. Masika yakifika, wadudu wakijaa njiani, hasafiri, hukaa mahali pamoja. Alale wapi mtu huyo? Kharavela, mfalme wa Kalinga, aliwachongea watawa mapango katika mwamba wa kilima cha Udayagiri, kisha akaandikisha matendo yake juu ya jiwe, mistari 17, akijisifu kwamba anaheshimu kila madhehebu na kukarabati kila hekalu. Mfalme akijisifu, mpunguzieni kidogo. Lakini mapango yapo hadi leo.

Ashoka, aliyetawala kabla yake, alimfuata Buddha, na bado aliwapa mapango ya Barabar watu wa dini nyingine, Waajivika, walioamini kwamba kila jambo limekwisha kuandikwa na juhudi ya mtu haibadilishi kitu. Kuta za ndani zilisuguliwa mpaka zinang'aa. Ni watawa wachache waliopata nyumba nzuri kama hiyo! Leo hakuna Mwajivika hata mmoja duniani, na katika baadhi ya maandishi ya mapango hayo mtu fulani alilikwangua jina lao. Wajaini je? Sensa ya Uhindi ya 2011 ilihesabu zaidi ya milioni 4. Wafalme wao walikufa, wengine wakawageuka, lakini wafanyabiashara na akina mama wa mijini waliendelea kuwatilia watawa chakula bakulini.

Sasa turudi hapa kwetu, ambako bwana aliondoka ghafla. Machi 1893 jeshi la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, chini ya kamanda Dhanis, pamoja na wapiganaji wa chifu Ngongo Lutete, liliingia Nyangwe; Aprili likachukua Kasongo. Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar, na huko alikufa 1905. Serikali mpya nayo ikachagua dini yake: 1906 Leopold alipatana na Vatikani, misheni za Kikatoliki zikapewa ardhi, nazo zikafungua shule. Mwalimu wa Kurani hakupewa shamba wala mshahara. Alikula walichomletea wazazi wa wanafunzi wake, akafundisha barazani, na wanafunzi wake wakafundisha wengine. Serikali ya Kinshasa ilipokuja kuitambua jumuiya ya Waislamu, mwaka 1972, wakati wa Rais Mobutu, Kasongo ilikuwa imeswali karibu miaka 80 bila bwana.