Tiba ya Nyuklia na Saratani ya Matiti (3): Ugonjwa Unapoingia Mifupani

Makala iliyopita ilieleza uvimbe wa titi unavyochunguzwa ukiwa bado mahali pake. Leo tunazungumzia wanawake ambao saratani yao imekwisha kusambaa. Ikitoka kwenye titi, mara nyingi hukimbilia mifupa: uti wa mgongo, mbavu, nyonga, sehemu ya juu ya paja. Mgonjwa hulalamika mgongo, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa ni umri, au ni jembe. Miezi inapita. Nasema wazi: mwanamke yeyote aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti, akipata maumivu ya mfupa yasiyotulia, hasa yale yanayomwamsha usiku, asikubali jibu hilo kabla mifupa yake haijachunguzwa.

Eksirei ya kawaida huchelewa kuona. Mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake ndipo doa lijitokeze kwenye picha. Skani ya mifupa hupita njia nyingine. Haitafuti umbo la mfupa bali kazi inayofanyika ndani yake. Saratani inapoumomonyoa mfupa, mfupa nao hujitahidi kujijenga upya, na pale penye ujenzi hunyonya kwa wingi kemikali za jamii ya fosfati. Kwa hiyo mgonjwa hudungwa mshipani kemikali ya namna hiyo iliyounganishwa na teknishiamu-99m, madini yanayotoa miali ya gama.

Baada ya sindano huambiwa asubiri saa 2 hadi 4, anywe maji mengi na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Kabla ya kupanda kitandani hutakiwa kukojoa tena, kwa sababu kibofu kilichojaa mkojo wenye mionzi hufunika mifupa ya nyonga kwenye picha. Kisha hulala chali, na kamera ya gama humpitia taratibu kutoka kichwani hadi miguuni. Haiumi. Kamera yenyewe haitoi mionzi yoyote. Inapokea tu ile inayotoka mwilini mwake. Kwenye skrini hutokea kiunzi chote cha mifupa, mbele na nyuma, na palipo na shughuli nyingi pana doa jeusi.

Doa jeusi peke yake si hukumu. Goti lenye baridi yabisi huwa jeusi, ubavu uliovunjika zamani vilevile, hata taya lenye jino bovu. Madoa mengi yaliyotawanyika bila mpangilio mgongoni na mbavuni ndiyo yanayotia shaka. Doa moja huhitaji CT, MRI au kipande cha mfupa kipelekwe maabara. Upande wa pili, saratani inayokula mfupa bila mfupa kujibu yaweza isionekane kabisa. Na kuna jambo linalowatisha wagonjwa wengi bure: dawa ikianza kufanya kazi, katika miezi ya mwanzo madoa yanaweza kukolea zaidi, kwa kuwa mfupa unapona. Daktari asiyekumbuka hilo ataacha dawa iliyokuwa inamsaidia mgonjwa.

Teknishiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 6, hivyo haiwezi kuwekwa stoo. Hutokana na molibdenamu-99, ambayo hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 66. Hii huzalishwa kwenye vinu vichache vya nyuklia duniani, kimojawapo kikiwa Pelindaba, Afrika Kusini, na husafirishwa ndani ya chombo chenye kinga ya risasi. Kila asubuhi fundi huikamua teknishiamu kwa maji ya chumvi, na duniani kote mafundi wamezoea kukiita chombo hicho ng'ombe. Mwaka 2009 na 2010, vinu vya Chalk River, Kanada, na Petten, Uholanzi, viliposimama, hospitali nyingi zilikosa dawa hiyo. Ndege ikichelewa, chombo hufika kimedhoofika. Ukipangiwa siku ya skani katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au kwingineko, fika siku hiyohiyo.

Sasa tiba, na hapa ndipo penye uchungu wangu. Kuna wanawake wanaoteseka kwa maumivu ya mifupa iliyoathirika sehemu nyingi, wakati ipo sindano ya strontiamu-89 au samariamu-153. Mwili huipokea strontiamu kama kalsiamu, ukaipeleka palepale mfupa unapojijenga, nayo hutoa mionzi ya beta inayofika milimita chache tu. Haiponyi saratani. Lakini wengi hupata nafuu baada ya wiki 1 hadi 3, na nafuu hiyo huweza kudumu miezi kadhaa. Siku za kwanza maumivu yanaweza kuzidi. Chembe za damu hushuka kwa wiki kadhaa, kwa hiyo damu ipimwe kabla na baada, na mjamzito asipewe.

Mfupa mmoja unaouma hutosheka na mionzi ya nje. Na miguu ikifa ganzi au mkojo ukishindwa kuzuilika, hiyo ni dharura ya uti wa mgongo: hospitali siku hiyohiyo, sindano hii haihusiki.

Aliyepewa strontiamu anaweza kula na kulala na watu wake bila hofu. Tahadhari iko kwenye mkojo na damu yake kwa wiki ya kwanza: achuchumae au akae ili mkojo usitapakae, amwage maji ya kutosha chooni, anawe kwa sabuni, na nguo zilizolowa zifuliwe peke yake.

Wiki ijayo: skani ya PET, na inavyoonyesha kama saratani bado inasikiliza dawa za homoni.

(Itaendelea)