Sura ya 5: Paa la Bega

Bonyeza kidole chini ya mtulinga, karibu na bega, utakuta kinundu kigumu. Hicho ni korakoidi, chomozo la mbele la kombe la bega. Panda hadi ncha ya bega nawe utagusa akromioni, sehemu nyingine ya kombe hilohilo. Kati ya hizo mbili umetandazwa utepe imara wa pembetatu, mpana upande wa korakoidi: ligamenti ya korakoakromia.

Ligamenti nyingi hufunga mfupa mmoja na mwingine ili kiungo kisiteguke. Hii huanzia na kuishia kwenye mfupa uleule. Kazi yake ni kuezeka: pamoja na akromioni hufanya paa juu ya kichwa cha mfupa wa mkono. Chini ya paa hilo hupita kano la supraspinatusi, msuli unaosaidia kuinua mkono, na kati ya kano na paa kuna kifuko cha ute cha kupunguza msuguano.

Kano au kifuko kikiuma, mgonjwa hulalamika zaidi anapoinua mkono kupitia ubavuni, kati ya nyuzi 60 na 120 hivi. Mwaka 1972 daktari Mmarekani Charles Neer alieleza kwamba kano husagwa na paa. Akashauri akromioni ichongwe kwa chini upande wa mbele, na ligamenti ikatwe. Upasuaji huo ukaenea.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 313. Baadhi walichongwa mfupa, wengine walitazamwa ndani kwa kamera tu, wengine hawakupasuliwa. Waliochongwa hawakupata nafuu zaidi kuliko waliotazamwa tu, na waliwazidi wasiopasuliwa kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2019 jopo la wataalamu, katika jarida la BMJ, likashauri kwa mkazo upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya aina hiyo.

Kuikata ligamenti hii kuna hatari yake. Makano yanayozunguka bega yakichanika sana, msuli mkubwa wa deltoidi huvuta kichwa cha mfupa kwenda juu, na paa ndilo hukizuia. Paa likiwa limeondolewa, kichwa huchomoza mbele na juu, na mkono hushindwa kuinuka. Ndiyo maana bega linalouma hivi lianze kutibiwa kwa mazoezi ya kuimarisha misuli, na anayeshauriwa kupasuliwa ana haki ya kumuuliza daktari iwapo ligamenti hii itabaki.