Tutengeneze Bendera na Watoto Wetu

Mama mwenzetu, tarehe 9 Desemba hukuta nyumba zetu zimejaa watoto. Wa mjini wameanza kupanda kwa bibi zao Marangu, Machame na Rombo, kungojea Krismasi. Sisi tuna ng'ombe wa kukatia majani na nguo za kufua. Mtoto akiuliza, "Mama, Uhuru ni nini?" tunamjibu upesi, "Ni sikukuu. Nenda ukacheze."

Tuna kosa jingine la kukiri. Mwaka mmoja tuliwakalisha watoto chini ya migomba watengeneze bendera za karatasi. Ya kitindamimba wetu, wa miaka 5, ilitoka imepinda, na rangi nyeusi imeingia kwenye njano. Usiku, alipolala, tuliitupa tukamtengenezea nyingine iliyonyooka. Asubuhi aliitazama, akairudisha mezani. "Hii si yangu," akasema. Wenzake walizunguka uani wakiimba, yeye akakaa kizingitini. Tangu siku hiyo hatushiki mkasi wa mtoto mpaka atuombe.

Jaribu nasi vitu hivi. Vyote vinapatikana nyumbani.

Gundi: Koroga vijiko 2 vya unga wa ngano katika kikombe cha maji baridi. Chemsha huku ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji. Ipoe kabisa kabla ya kumpa mtoto.

Bendera: Tumia karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, upande mweupe. Mstari mpana mweusi uanzie kona ya chini, penye kijiti, upande hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kandokando yake ipite mistari miwili myembamba ya njano. Juu, penye kijiti, apake kijani. Chini apake bluu. Akiwa anapaka, mweleze: kijani ni ardhi na mimea yetu, njano ni madini, nyeusi ni sisi watu, bluu ni maji. Bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961 haikuwa na bluu. Rangi hiyo iliingia mwaka 1964, baada ya kuungana na Zanzibar.

Mwenge: Gunzi kavu la mahindi liwe mpini. Vipande vya khanga chakavu, vyekundu na vya njano, vifungwe juu kwa kamba ya mgomba viwe ndimi za moto. Moto wenyewe usiwashwe.

Mlima: Wafinyange udongo mbichi juu ya sinia kuukuu. Maganda ya mayai yaliyopondwa yawe theluji. Kisha wachomeke bendera na mwenge kileleni.

Hapo ndipo pa kuwasimulia. Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwalimu Nyerere alisema kwamba Watanganyika wangependa kuwasha mwanga na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uangaze hata nje ya mipaka na kuwapa matumaini waliokata tamaa. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alifikisha bendera na mwenge kileleni, mita 5,895 juu, na kilele kikapewa jina la Uhuru. Asubuhi mapema, kabla mawingu hayajafunika, watoe watoto nje wakione. Wetu mmoja aliitazama Kibo, akakitazama kilima chake, akakimbia jikoni kutafuta maganda zaidi.

Basi mama, bendera ikipinda, iache. Tulijitawala ili kazi yetu tuifanye wenyewe, na inapokosewa tuirekebishe wenyewe. Mtoto ataonja jambo hilo kwa mikono yake kabla hajalisoma shuleni.

Na jioni, kabla ya kulala, mwache yeye aiombee nchi kwa maneno yake. Hayo nayo tusiyasahihishe.