Sindano kwenye shina la avoka: dawa ya bei ndogo yenye masharti makali

Mti wa avoka unaougua hauanguki siku moja. Majani yanaanza kuwa madogo, kijani chake kinafifia na kugeuka manjano, matawi ya juu yanabaki wazi kama vijiti. Pengine unazaa sana msimu huo, lakini matunda ni madogo na jua linayachoma. Mwenye mti anafikiri udongo umechoka, anaongeza mbolea. Baada ya miaka michache anakata kuni.

Kwa jamaa nyingi za Kivu hasara hiyo si ndogo. Avoka moja iliyokomaa nyuma ya nyumba inalisha watoto, na gunia linalouzwa sokoni linasaidia kulipa masomo. Mti uliobebeshwa hungojewa miaka mitatu ao minne kabla ya kuzaa. Uliotoka kwenye kokwa hungojewa zaidi. Ukikauka, kungoja kunaanza upya.

Katika nchi nyingi zinazolima avoka, mwuaji mkubwa anakaa chini ya ardhi. Jina lake la kisayansi ni Phytophthora cinnamomi. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922, kwenye miti ya mdalasini katika kisiwa cha Sumatra. Anafanana na kuvu, lakini ni wa ukoo mwingine unaopenda maji: mbegu zake ndogo sana huogelea ndani ya udongo uliolowa, zinafikia mizizi myembamba na kuiozesha. Mti unakufa kiu huku umesimama kwenye maji. Mahali ambapo mvua inanyesha miezi mingi na mashamba yako chini ya mlima, hali ya namna hiyo haikosekani.

Kunyunyizia dawa mti wa mita kumi kwa pampu ya mgongoni ni kazi ngumu, na sehemu kubwa ya dawa inaishia hewani na kwa mtu anayenyunyiza. Kuimwaga chini kunahitaji dawa nyingi, na mvua inaipeleka mtoni. Ndipo likaja wazo la kuiweka ndani ya mti wenyewe.

Afrika Kusini ilikuwa kati ya nchi za kwanza kufanya hivyo kwa avoka. Mwaka 1984 mtafiti J. M. Darvas na wenzake walichapisha matokeo ya kudunga shina kwa fosetili-alumini, dawa iliyotoka kwenye kampuni ya Kifaransa Rhône-Poulenc. Miti iliyokuwa inakauka ilirudisha majani. Watafiti wa Queensland, nchini Australia, nao waliendeleza kazi hiyo. Ikajulikana kwamba fosetili ikiingia ndani ya mti inageuka kuwa fosfonati, na kwamba chumvi ya fosfonati na potasiamu, ambayo ni rahisi kutengeneza, inafanya kazi ileile. Hapo bei ikashuka.

Chombo chenyewe si cha ajabu. Shimo dogo linatobolewa kwenye shina kwa kifaa cha maseremala, likiinama kidogo kuelekea chini, kina chake sentimita chache. Bomba la sindano la plastiki, lisilo na sindano ya chuma, linabanwa ndani ya shimo. Yako mabomba yenye springi inayosukuma dawa polepole. Yanaoshwa na kutumiwa tena msimu baada ya msimu. Hakuna mota wala mafuta. Kazi ya kupandisha dawa inafanywa na mti, kwa nguvu ileile inayovuta maji kutoka mizizini hadi majanini. Kwa sababu hiyo asubuhi yenye jua ni nzuri kuliko siku ya mawingu na mvua. Mti uliobaki na majani machache sana nao hauna nguvu ya kuvuta kitu.

Ila ugonjwa uko mizizini, na dawa inapanda juu. Inashukaje? Fosfonati ina tabia ambayo dawa chache zinayo: inapanda pamoja na maji, halafu inashuka pamoja na sukari ambayo majani yanatuma kulisha mwili wa mti. Majani machanga hayatumi sukari popote, yenyewe bado yanakula. Ukidunga wakati mti unachipua, dawa inabaki juu na mizizi inaendelea kuoza. Ukingoja mpaka majani mapya yakomae na kuwa magumu, dawa inateremka mahali inapohitajika. Wakulima wa Australia na Afrika Kusini wanaweza kufuata majira yao. Karibu na ikweta, ambako mti unaweza kuchipua zaidi ya mara moja kwa mwaka, kalenda haisaidii sana. Jicho la mkulima ndilo linaloamua.

Kipimo pia hakiruhusu kukisia. Mwongozo unaotumiwa sana Australia ni mililita 15 za fosfonati ya asilimia 20 kwa kila mita ya upana wa majani ya mti. Mti wenye upana wa mita nne unapata mililita 60, yaani mabomba matatu ya mililita 20 yakizunguka shina. Lakini chupa za dukani hazina nguvu sawa. Nyingine ni kali mara mbili ao tatu na lazima zichanganywe na maji jinsi lebo inavyosema. Ikizidi, majani yanaungua na mbao inakufa kuzunguka shimo. Jambo lingine linalowadanganya watu ni jina: fosfonati si fosfati. Haiwezi kulisha mti, na mbolea ya fosfati haiwezi kutibu ugonjwa huu.

Kwa wakulima wa kakao wa Beni na Mambasa, habari hii ina sura nyingine. Ndugu wa mdudu huyo wanaozesha matunda ya kakao na kuyafanya meusi. Katika Papua New Guinea, mtafiti David Guest na wenzake walichapisha mwaka 1994 matokeo ya miaka kadhaa yaliyoonyesha kwamba kudunga shina kwa fosfonati kunapunguza sana ugonjwa huo. Hata hivyo, sheria ya Ulaya kuhusu mazao ya bio hairuhusu fosfonati, na mabaki yake hupimwa. Mkulima mwenye cheti cha bio akidunga miti yake bila kuuliza mnunuzi, anaweza kuokoa matunda na kupoteza soko.

Sindano pia haifai kwa kila ugonjwa, na hapa ndipo wauzaji wa barabarani wanaweza kula pesa za watu. Mnyauko wa kahawa ya robusta, uliorudi kwa nguvu kaskazini-mashariki mwa Congo katika miaka ya 1970 na kuonekana Uganda mwaka 1993, unaziba mishipa ya maji ya mti. Mkulima anang'oa, anachoma, na kupanda aina zinazostahimili. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001, unatoka kwa bakteria. Huo unapiganwa kwa kukata shina lenye ugonjwa, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye pembe mbili, na kusafisha panga kwa moto ao maji ya javel. Fosfonati haitibu hata mmoja wa hiyo miwili.

Hatari kubwa zaidi ni kuiga bila kujua. Nchini Marekani, jimbo la Florida liliruhusu mwaka 2022 kudunga michungwa kwa antibiotiki ya oksitetrasiklini, kwa bidhaa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kwa muda uliowekwa kabla ya kuvuna. Miti ya mitaani huko hudungwa sumu kali ya wadudu, lakini hakuna anayekula matunda yake. Vidonge vya famasi ya mtaani ao sumu ya wadudu wa maharagwe havina nafasi ndani ya shina la mti unaolisha watoto.

Kabla ya kununua chochote, jembe linatosha kwa uchunguzi wa kwanza. Fukua kidogo chini ya majani yaliyoanguka, mbali kiasi na shina. Mizizi myembamba yenye afya ni mieupe. Iliyooza ni myeusi na inavunjika mkononi. Ukikuta maji yamesimama, chimba mfereji kwanza, kisha tandaza majani makavu juu ya udongo. Dawa haimwondoi adui ardhini: inaupa mti nguvu ya kumzuia kwa muda, kwa hiyo inarudiwa kila mwaka, na kila shimo ni kidonda ambacho mti unabaki nacho. Mti mchanga ukipandwa katika shimo la ule uliokufa unamkuta adui yuleyule akingoja.