Sauti Haisubiri Zamu

Kijijini kwa shangazi mnara ni mmoja, na simu inasoma herufi E. Saa mbili usiku nilituma picha kwa WhatsApp, kiduara kikazunguka hadi nikachoka. Nikampigia yule niliyekuwa namtumia. Akapokea mara moja, sauti safi kama tumeketi mkeka mmoja. Picha iliondoka yenyewe baada ya saa tano, kijiji kilipolala.

Shangazi alisema mtandao mbovu. Mtandao ulikuwa mzima. Sauti na data zilikuwa zinagombea chaneli ileile, na sauti ndiyo yenye haki ya kwanza.

Chaneli ya GSM, yaani mtandao wa 2G unaoonyeshwa na ile herufi E, ina upana wa kilohezi 200. Hukatwa vipande 8 vya muda, kila kimoja milisekunde 0.577, kisha zamu inarudi mwanzo. Mnara wenye chaneli moja hutumia kipande kimoja au viwili kujitangaza na kuelekeza simu. Vilivyobaki ndivyo vya kijiji kizima. Anayepiga simu kwa kawaida hukalia kipande chake hadi akate, hata akinyamaza. Data hupewa vipande vilivyo wazi, watu kadhaa wakipokezana kimoja, na simu ikiingia mnara huwanyang'anya. (Meseji ya kawaida hupita njia ya maelekezo, ndiyo maana huingia hata ukiwa unaongea.)

Upendeleo huu una sababu. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 hivi kufika upande wa pili, wanaozungumza huanza kukatizana. Lakini ikipotea chembe yake ya milisekunde 20, sikio halitambui. Data ni kinyume: husubiri bila kudhurika, ila isipofika nzima haina faida, kwa hiyo kilichopotea hutumwa tena.

Kwenye 4G hakuna kipande cha kukaliwa. Kwa VoLTE sauti nayo hufungwa katika pakiti, moja kila milisekunde 20, na kupitishwa mbele ya foleni. Mmoja akinyamaza, nafasi yake hutumiwa na wengine.

Kwenye 2G, mhandisi anaweza kutenga kipande kimoja cha data kisichoguswa na simu. Najua jioni kuna mpigaji mmoja atakayekosa nafasi. Lakini kule kwa shangazi, ambako picha ya kidonda humfikia daktari aliye mbali kwa njia hiyo tu, naona kipande hicho kitengwe.